Mungu wa Bawaba Alikuwa na Kazi Gani?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nasoma chuo hapa Tanga na habari za dini za kale zinanivutia sana. Nimesoma kwamba Warumi walikuwa na mungu wa bawaba za mlango, mwingine wa kizingiti, mwingine wa kitanda cha mtoto. Wahindu nao wana yaksha, naga na miungu wa vijiji wasiohesabika. Naomba kuuliza mawili. Je, hawa wadogo wana asili moja, kama inavyosemwa kuhusu lugha zao? Na mtu mwenye Jupiter au Vishnu anamtafutia nini mungu wa bawaba?"

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la pili, maana hilo likijibika la kwanza litakuwa jepesi.

Mungu wa bawaba ni wa kike, jina lake Cardea, na aliyemfanya ajulikane mpaka leo ni mtu aliyekuwa akimcheka. Augustino, askofu wa Hippo (siku hizi Annaba, Algeria), aliandika mwanzoni mwa karne ya 5 kwamba kila mwenye nyumba huweka bawabu mmoja, na ijapokuwa ni binadamu tu, humtosha. Warumi wao mlango mmoja waliuwekea miungu watatu: Forculus wa ubao, Cardea wa bawaba, Limentinus wa kizingiti. Mzaha huo umekolea, na wengi wanaokutana na orodha za miungu hawa huishia hapo hapo kwenye kicheko. Lakini Augustino alikuwa kwenye mabishano, hakuwa na haja ya kueleza. Ukitaka kujua mungu huyo alikuwa na kazi gani, msome mshairi Ovid, aliyeishi miaka mia nne hivi kabla yake.

Katika utenzi wake wa sikukuu za Kirumi, chini ya tarehe 1 Juni, Ovid anasimulia habari ya mtoto Proca, ambaye baadaye angekuwa mfalme wa Alba Longa, mji wa kale karibu na Roma. Mtoto ana siku tano tu duniani. Usiku wanaingia striges, ndege wenye vichwa vikubwa na macho ya kukodoa, wanaonyonya damu ya wachanga. Yaya anasikia kilio, anakimbilia, anakuta mashavu yamechanwa na mtoto amepauka. Anaitwa mungu wa bawaba. Anaigusa miimo ya mlango mara tatu kwa tawi, anakigusa kizingiti mara tatu, ananyunyiza maji yenye dawa mlangoni. Kisha anashika matumbo mabichi ya nguruwe wa miezi miwili na kuwaambia wale ndege wachukue moyo kwa moyo, ini kwa ini, wamwache mtoto. Nyama hiyo inawekwa nje, peupe, na waliopo wanakatazwa kugeuka kuitazama. Mwisho anaweka kijiti cha mti wa miba kwenye kidirisha. Ndege hawarudi tena, na rangi ya mtoto inarejea.

(Ovid anamwita Carna, na wataalamu wanabishana kama Carna na Cardea ni mmoja au ni wawili waliochanganywa na mshairi. Kwa swali lako haidhuru. Mshairi mwenyewe anasema huyu ndiye mwenye mamlaka juu ya bawaba.)

Mtu wa pwani akiisoma habari hii hashangai. Sisi tuna babewatoto, bundi anayeogopwa kwenye nyumba yenye mchanga, na tuna degedege, ambayo wazee wetu waliifahamu kuwa ni kitu kinachoruka na kumwingia mtoto kabla hospitali haijasema ni homa kali ya malaria. Kwa hiyo unaona mwenyewe kazi ya Cardea. Nyumba ina kuta, na mahali pekee inapofunguka ni pale penye bawaba. Radi ya Jupiter haikuhusu saa nane za usiku wakati mtoto wako anageuka rangi. Unayemhitaji ni yule anayesimama kwenye upenyo.

Na sasa tazama India. Ukipita mitaa yenye maduka ya Wahindu Mombasa au Dar es Salaam, kwenye baadhi ya milango utaona limau na pilipili mbichi kadhaa zimetungwa kwenye uzi na kuning'inizwa. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni haya: Lakshmi, mungu wa neema na mali, ana dada mkubwa aitwaye Alakshmi, yaani ufukara na mikosi, na huyo dada anapenda vyakula vichachu na vikali. Akifika anakuta karamu yake mlangoni, anakula, anashiba, anageuza njia bila kuingia. Mwenye duka hajamfukuza mgeni wala hajamtukana. Amemlisha nje. Ndivyo hasa alivyofanya Cardea na matumbo ya nguruwe, na hakuna ushahidi wowote kwamba mmoja alimwiga mwenzake.

Hilo ndilo jibu langu kwa ufupi, na yanayofuata ni kulinyoosha. Mungu mdogo ni mdogo kwa eneo. Ana mahali pake au saa yake, na hapo nguvu zake ni kamili. Miungu wadogo wa Roma na wa India wanafanana kwa sababu watu wa pande zote mbili walizaa, walilima, waliugua na walikuwa na milango. Wanapotofautiana, tofauti ni kubwa kuliko vitabu vya shule vinavyoonyesha.

Nianze na Warumi, maana wao ndio waliofika mbali kwa kugawa kazi. Mfafanuzi mmoja wa mashairi ya Virgil, aitwaye Servius, ametuhifadhia orodha aliyoipata kwa Fabius Pictor, mwandishi wa Kirumi wa kale zaidi: miungu 12 ambao kuhani wa Ceres, mungu wa kike wa nafaka, aliwaita kwa majina alipotoa sadaka ya shamba. Yupo Vervactor wa kuvunja konde lililopumzishwa na Redarator wa kulirudia. Imporcitor anapiga mifuo, Insitor anapanda, Obarator anafukia, Occator anavunja madongoa. Sarritor analimia na Subruncinator anang'oa magugu. Messor anavuna, Convector anabeba, Conditor anaweka ghalani, na Promitor anatoa ghalani siku ya kula. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye sura, mke, mtoto au kisa. Jina lake ni kazi yake, kazi ikiisha naye anaondoka.

Kwa mtoto ni hivyo hivyo. Yupo Vaticanus wa kufungua kinywa kwa kilio cha kwanza, Cunina wa kitanda, Rumina wa kunyonyesha, Potina wa kunywa, Educa wa kula. Na usiku baada ya mama kujifungua, wanaume watatu walizunguka nyumba: mmoja anakipiga kizingiti kwa shoka, wa pili kwa mchi, wa tatu anafagia. Hao waliwakilisha Intercidona, Pilumnus na Deverra, na lengo lilikuwa kumzuia Silvanus, mungu wa msituni, asiingie kumsumbua mzazi. Shoka, mchi na ufagio ni vitu vya watu wanaokata miti, wanaotwanga nafaka na wanaokusanya mazao. Mwitu unawekwa nje kwa vyombo vya kilimo. Mimi ibada hii naiona ni ya akili sana, na Augustino, aliyeichukua kwa mwanazuoni Varro, hakuiona hivyo.

Hapa inabidi uwe mwangalifu na vyanzo. Vitabu vya Varro juu ya mambo ya miungu, 16 kwa idadi, vimepotea. Tunachokijua kimepita kwa wapinzani: Augustino, Tertuliano wa Karthago, Arnobius wa Sicca. Wote watatu ni Waafrika wa kaskazini, wote Wakristo, na wote walichagua mifano itakayochekesha zaidi. Ndiyo maana baadhi ya wanazuoni, kama Georg Wissowa, walishuku kwamba sehemu kubwa ya majina haya yalikuwa kazi ya makuhani na wasomi mezani, wala hayakuwa kwenye vinywa vya watu. Shaka hiyo ina uzito. Lakini kuna jiwe linaloipunguza nguvu. Nje kidogo ya Roma kulikuwa na msitu mtakatifu wa Dea Dia, uliosimamiwa na chama cha makuhani walioitwa Ndugu wa Arvali, na kumbukumbu zao walizichonga kwenye marumaru. Mwaka 183 mtini ulikuwa umeota kwenye paa la hekalu. Ilibidi uondolewe, na makuhani hao waheshimiwa walitoa sadaka kwa Deferunda wa kuushusha, Commolenda wa kuukatakata na Adolenda wa kuuchoma. Huo ni mti mmoja juu ya paa moja, na sadaka ikaandikwa kwenye jiwe bila mzaha wowote. Kwa hiyo mambo haya yalifanyika kweli, na yalifanywa na wakubwa wa dola.

Ili uelewe roho yake, fikiria mtu mwenye shida ya hati ya kiwanja. Waziri yupo, na anaheshimiwa, lakini muhuri anao karani wa dirisha la tatu, na ukikosea jina la ofisi barua yako inarudi. Dini ya Kirumi ilikuwa na chembe nyingi za sheria ndani yake. Ombi lilipaswa kumfikia mwenye mamlaka, kwa jina lake sahihi. Wasipolijua jina waliweka tahadhari: kilimani Palatino iligunduliwa madhabahu iliyowekwa wakfu kwa mungu "akiwa wa kiume au akiwa wa kike". Na aliyejitokeza mara moja tu naye alipewa haki yake. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba kabla Wagali hawajaivamia Roma, mwanzoni mwa karne ya 4 kabla ya Kristo, mtu wa kawaida aitwaye Marcus Caedicius alisikia usiku barabarani sauti kubwa kuliko ya binadamu ikimwambia awaonye viongozi kuwa Wagali wanakuja. Hakusikilizwa, kwa kuwa alikuwa mtu wa chini. Mji ulipochomwa, wakajenga mahali pa ibada kwa hiyo sauti na kuiita Aius Locutius, Msemaji. Cicero, msemaji maarufu wa Roma, baadaye alitania kwamba mungu huyu alisema alipokuwa hajulikani na mtu, na alipopata jina, nyumba na madhabahu akanyamaza moja kwa moja.

Sasa vuka bahari uende India, na uone hali inavyobadilika. Huko wadogo wana miili. Wana tumbo, vito, wivu, ndoa, hasira na historia ndefu. Yaksha ni viumbe wa miti, maji na hazina zilizofukiwa. Mfalme wao ni Kubera, mwenye tumbo kubwa na mali isiyokwisha. Kwenye uzio wa mawe wa Bharhut, uliochongwa karne ya 2 kabla ya Kristo na ambao leo sehemu yake kubwa iko makumbusho ya Kolkata, yaksha wamesimama kwa ukubwa wa kuonekana, kila mmoja na jina lake limeandikwa pembeni. Tena hilo lilikuwa jengo la Wabuddha! Viumbe hawa hawakujali sana mipaka ya dini. Wahindu, Wabuddha na Wajaini waliwarithi wote, kila mmoja akawapa kazi mlangoni kwake. Naga ni nyoka wenye falme chini ya ardhi na majini. Gandharva ni wanamuziki wa mbinguni, na apsara ni wacheza ngoma ambao miungu huwatuma kuvunja toba ya mtawa anayekaribia kuwa na nguvu kupita kiasi.

Kisa cha yaksha ninachokipenda kuliko vyote kiko katika Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Ndugu watano wa ukoo wa Pandava wako uhamishoni porini, kiu imewashika. Wanne wanakwenda ziwani mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja anasikia sauti: ziwa hili ni langu, jibu maswali yangu kwanza ndipo unywe. Kila mmoja anapuuza, anakunywa, anakufa. Wa tano, Yudhishthira, anawakuta nduguze wamelala chini, na yeye anakubali kuulizwa. Maswali ni mengi. Kati ya hayo yaksha anauliza, ni ajabu gani kubwa kuliko zote? Naye anajibu kwamba kila siku viumbe wanakwenda kwa wafu, na waliobaki wanadhani wao wataishi daima. Yaksha anaridhika, anamwambia amchague ndugu mmoja afufuliwe. Yudhishthira hamchagui Bhima mwenye nguvu wala Arjuna mpiga upinde. Anamchagua Nakula, mtoto wa mke mwenza wa mama yake, akisema mama yangu ana mmoja aliye hai, ambaye ni mimi. Haki ni mama yule naye abaki na mmoja. Ndipo wote wanafufuliwa, na yaksha anajitambulisha kuwa ni Dharma, mungu wa haki, baba wa Yudhishthira mwenyewe.

Linganisha hilo na Insitor. Mungu wa Kirumi wa kupanda hawezi kukuuliza swali. Yaksha wa ziwa dogo asiyejulikana anaweza kumtahini mfalme, na chini ya ngozi yake akawa mkubwa aliyejificha. Huko India mpaka kati ya mdogo na mkubwa ni mwepesi, na watu hupanda na kushuka. Ganesha ni mfano mzuri wa aliyepanda. Katika maandiko ya zamani ya ibada za nyumbani kuna Vinayaka wanne, viumbe wasumbufu wanaowashika watu na kuwaharibia mipango. Baadaye Vinayaka anakuwa mmoja, ana kichwa cha tembo, na anaombwa kabla ya kuanza jambo lolote, maana aliyekuwa akiweka vikwazo ndiye anayejua kuviondoa. Walioshuka nao wapo: Indra na Varuna, waliokuwa wakuu katika Rigveda, mkusanyo wa kale kabisa wa nyimbo takatifu za India, baadaye wanaonekana kama walinzi wa pande za dunia, Indra mashariki na Varuna magharibi.

Mwingine aliyepanda ni Jara, na huyu ninamtaja kwa sababu anaingia ndani ya nyumba. Ni rakshasi, jike la viumbe wala watu. Katika Mahabharata anaokota vipande viwili vya mtoto aliyezaliwa nusu nusu na kutupwa, anaviunganisha ili avibebe kwa urahisi, na mtoto anapata uhai na kulia. Badala ya kumla, anamrudisha kwa mfalme. Kisha anajieleza: mimi nakaa katika nyumba za watu, na anayenichora ukutani, kijana, nimezungukwa na watoto, nyumba yake itastawi. Sasa kumbuka kuta za Pompeii. Katika nyumba nyingi za mji ule, mara nyingi jikoni, wamechorwa Lares, miungu walinzi wa nyumba (mmoja wao huitwa Lar), vijana wawili wenye pembe za kunywea, wakicheza pembeni mwa Genius, yaani roho mlinzi wa mwenye nyumba, na chini yao nyoka akiijongelea madhabahu. Picha ukutani, moto jikoni, nyumba kustawi. Tofauti ni kwamba Lar alikuwa mlinzi tangu mwanzo, lakini Jara alikuwa hatari iliyobembelezwa mpaka ikawa upande wako. Ukisoma habari za India utalikuta jambo hili tena na tena.

Hapo ndipo swali lako la kwanza linaposimama. Je, wana asili moja?

Lugha zao, ndiyo. William Jones, jaji Mwingereza aliyekuwa Kolkata, aliitangaza hoja hiyo mwaka 1786, na imethibitika. Lakini Jones huyo huyo alikuwa ameshaandika makala ya kulinganisha miungu ya Ugiriki, Italia na India, na humo akamweka Ganesha karibu na Janus, mungu wa Kirumi wa milango, kwa sababu wote wawili hutajwa mwanzoni mwa mambo. Inavutia, ila haifiki popote. Sanamu za Ganesha tunazozijua zinaanza kuonekana wazi karne ya 4 na ya 5 baada ya Kristo, wakati Janus alikuwa keshazeeka. Mfaransa Georges Dumézil naye mwaka 1929 alijaribu kuwaunganisha gandharva na wale nusu mtu nusu farasi wa Kigiriki. Wanaisimu wengi hawakukubali. Urithi wa pamoja ulio imara kabisa unaonekana kwa mkubwa, Baba wa Mbingu: Jupiter wa Roma na Dyaus Pitar wa Veda ni jina moja. Kejeli yake ni kwamba huko Roma akawa mfalme wa miungu, na huko India akabaki jina la heshima lisilo na ibada kubwa. Wadogo, kila upande uliwatengeneza nyumbani kwake.

Wakati mwingine walitengeneza kitu kile kile mpaka unashtuka. Tertuliano anatuambia kwamba nyumbani kwa Mrumi aliyepata mtoto, wiki nzima iliwekwa meza kwa ajili ya Juno, na siku ya mwisho wakaitwa Fata Scribunda, wale wa kuandika majaliwa. Nenda sasa kwa Wagujarati, jamii ambayo watu wake wamekaa nasi pwani hii vizazi vingi. Siku ya sita baada ya kuzaliwa mtoto ni Chhathi. Usiku huo huwekwa karatasi nyeupe na kalamu karibu na mtoto, kwa sababu Vidhata, mungu wa majaliwa, atakuja kumwandikia maisha yake. Kule Bengali siku hiyo ni ya Shashthi, mlinzi wa watoto, anayepanda paka. Usitafute safari ya meli kati ya Karthago na Gujarat kuelezea hili. Katika dunia isiyo na dawa, mtoto aliyevuka wiki ya kwanza alikuwa amevuka jambo kubwa, na hapo ndipo wazazi walipothubutu kufikiria kesho yake. Sisi tuna siku yetu ya saba na tuna arubaini.

Kuhusu idadi, watu hupenda kusema Wahindu wana miungu milioni 330. Wao wenyewe walilijadili zamani kwa ustadi kuliko sisi. Katika Brihadaranyaka Upanishad, andiko lao la kale la hekima, mtu aitwaye Shakalya anamuuliza mwenye hekima Yajnavalkya, miungu ni wangapi? Mia tatu na watatu, na elfu tatu na watatu. Ndiyo, lakini ni wangapi hasa? Thelathini na watatu. Ndiyo, lakini hasa? Sita. Watatu. Wawili. Mmoja na nusu. Mmoja. Majibu yote yanakubaliwa kuwa sahihi. Nadhani Mrumi angechoka katikati ya mazungumzo hayo na kuuliza ni yupi anayehusika na mlango wake.

Miisho yao nayo haikufanana. Tarehe 8 Novemba 392, Mfalme Theodosius alitoa sheria iliyoingia mpaka vyumbani: ni marufuku kumheshimu Lar kwa moto, Genius kwa divai, Penates, walinzi wa akiba ya nyumba, kwa manukato. Angalia kwamba serikali haikuridhika kufunga mahekalu makubwa. Ilijua dini ya watu iko jikoni. India haikuwa na mamlaka ya namna hiyo, kwa hiyo wadogo waliendelea, wengi wao kwa kutambuliwa kuwa sura mojawapo ya Mungu Mama mkuu.

Nimalizie na homa, maana hapo unaona mambo yote mawili kwa pamoja. Roma ilikuwa mji wa malaria, na ilikuwa na mungu Febris, yaani Homa yenyewe. Alikuwa na mahali pa ibada pale Palatino na kwingineko mjini, na watu walipeleka huko dawa na hirizi zilizokuwa zimewekwa miilini mwa wagonjwa. Waliomba apungue. Hana kisa, hana sura tunayoijua, ana hekalu tu na woga wa watu. Shitala wa India ni mungu wa ndui, na jina lake ni baridi. Anapanda punda, mkononi ana ufagio na chungu cha maji, na ungo kichwani. Ndui ilipomshika mtu, ilihesabiwa kwamba mungu amefika mwilini mwake, kwa hiyo mgonjwa alitunzwa kama mwenyeji wa mgeni mkubwa: utulivu, vitu vya baridi, kupepewa kwa majani ya mwarobaini. Na Bengali ilikuwa na wachanjaji wa jadi waliochanja watu kwa usaha wa ndui wenyewe, pamoja na maombi kwa Shitala, kabla Ulaya haijapata chanjo ya ng'ombe. Kwa hiyo usimfikirie kama kizuizi cha tiba. Gujarat bado ina siku yake mwezi wa Shravan: chakula hupikwa jana yake, siku yenyewe jiko haliwashwi, na familia inakula vya baridi.

Ndui iliisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merca, Somalia, mwaka 1977, na Shirika la Afya Duniani likatangaza mwisho wake mwaka 1980. Shitala hakuisha. Aliendelea na tetekuwanga na surua, na homa za watoto. Na mwaka 2021, katika wimbi kali la uviko, hekalu moja mjini Coimbatore, jimbo la Tamil Nadu, lilisimamisha sanamu mpya na kuiita Corona Devi, kwenye mji ambao tayari ulikuwa na hekalu la Mariamman wa Tauni, mungu wa kike wa magonjwa huko kusini. Magazeti mengi yaliandika kama kioja. Wewe uliyesoma orodha za Varro ungeitambua kazi hiyo mara moja: hatari mpya imefika, inatafutiwa jina, mahali pa kukaa, na kitu cha kulishwa nje ya nyumba.